UZI: Bitcoin haina mwenyekiti, basi nani anapitisha mabadiliko? Kisa cha 2015 hadi 2017

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa wiki iliyopita mdau mmoja aliuliza: kama Bitcoin haina bosi wala ofisi, kanuni zake zinabadilishwaje? Akajibiwa haraka haraka na pande mbili. Wengine wakasema wachimbaji (wenye mashine zinazorekodi miamala kwa malipo ya sarafu mpya) ndio waamuzi kwa kuwa mashine ni zao. Wengine wakasema ni wasanidi wa Bitcoin Core, programu kuu ya mtandao, kwa kuwa wanaiandika wao. Majibu yote mawili yalishajaribiwa kwa vitendo, pesa nyingi zikiwa mezani, na yote mawili yalidunda. Ndiyo sababu nimefungua uzi wake. Ni mrefu, mwenye haraka aishie hapa.

Ugomvi ulianzia kwenye kitu kidogo mno. Mwaka 2010 Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, aliweka kikomo ndani ya programu: bloku, yaani furushi la miamala, isizidi MB 1. Bloku moja hutoka kila baada ya dakika 10 kwa wastani, kwa hiyo dunia nzima inagawana miamala michache tu kwa sekunde, isiyofika hata 10. Enzi hizo bloku zilikuwa karibu tupu na hakuna aliyejali. Mwaka 2011 Satoshi akapotea bila kusema nani atakigusa kikomo hicho wala kwa utaratibu upi. Kufikia 2015 bloku zikaanza kujaa.

Gavin Andresen, ambaye Satoshi alimkabidhi mradi, alitaka kikomo kipande. Pendekezo lake, BIP 101 (BIP ni pendekezo la kuboresha Bitcoin), lilikuwa MB 8, kisha kiongezeke mara mbili kila baada ya miaka 2. Wasanidi wenzake wengi wakagoma. Hoja yao: bloku kubwa inataka kompyuta kubwa na bando nene, mtu wa kawaida atashindwa kuendesha nodi (kompyuta inayokagua kila bloku kwa kanuni) nyumbani, na nodi zikibaki kwa makampuni matano sita, hicho kitakuwa benki tu yenye jina jipya. Agosti 2015 Gavin na Mike Hearn wakatoa programu yao, Bitcoin XT, yenye sharti kwamba bloku 750 kati ya 1,000 zikionyesha kuunga mkono, kanuni mpya inaanza. Haikufika popote. Januari 2016 Hearn akatangaza kwamba Bitcoin imefeli, akauza sarafu zake, akaaga.

Kabla hajaondoka, Desemba 2015 huko Hong Kong, Pieter Wuille, msanidi wa Core, alikuwa ameshaleta njia nyingine iitwayo SegWit. Kwa ufupi, sahihi za miamala zinahamishiwa sehemu ya pembeni ya bloku, nafasi inaongezeka, na mfumo wa malipo ya haraka juu ya Bitcoin kama Lightning unapata msingi imara. Na yote hayo yanafanyika kwa foku laini, aina mojawapo ya badiliko la kanuni.

Hapa msiruke, ndipo penye ufunguo. Foku ngumu inalegeza kanuni. Nodi ya zamani ikiletewa bloku ya MB 2 inaitupa, kwa hiyo lazima wote wahame siku moja, na asiyehama anabaki na mnyororo wake wa bloku. Foku laini inabana kanuni. Kilicho halali chini ya kanuni mpya kilikuwa halali hata chini ya ile ya zamani, kwa hiyo nodi ambayo haijasasishwa inaendelea kutembea na wenzake.

SegWit ilianza kusubiri ishara Novemba 2016. Ishara yenyewe ni kitu cha kipuuzi ukikiona: kwenye kichwa cha kila bloku kuna namba ya toleo, na mchimbaji anageuza biti moja ndani yake kutoka 0 kwenda 1. Biti hiyo ikionekana kwenye 95% ya bloku 2,016, yaani takriban wiki 2, kanuni inafungwa, yaani imeshapita, na baadaye inaanza kazi. Kipimo hiki kiliwekwa ili wachimbaji waseme "tumeshasasisha, tuko tayari". Wao wakakitumia kama kura ya turufu. Miezi ikapita, ishara ikakwama mbali kabisa na 95%. Baadhi walitaka kwanza wapewe bloku kubwa. Aprili 2017 Greg Maxwell, msanidi wa Core, akaongeza moto: akaeleza kwamba kuna ujanja wa uchimbaji uitwao AsicBoost ambao ukitumiwa kwa siri unavurugwa na SegWit, kwa hiyo wapo wenye sababu za mfukoni za kuipinga. Bitmain, watengenezaji wakubwa wa mashine, walikana kuutumia kwenye mtandao.

Basi wakubwa wakaamua kuyamaliza chumbani. Tarehe 23 Mei 2017, New York, makampuni 58 kutoka nchi 22 yakatia saini mkataba: SegWit iwashwe kwa kizingiti cha 80%, na ndani ya miezi 6 ije foku ngumu ya MB 2. Waliosaini walikuwa na 83.28% ya nguvu yote ya uchimbaji, pamoja na masoko na pochi zenye majina makubwa. Wachimbaji wakaanza kuandika herufi "NYA" (New York Agreement, mkataba wa New York) ndani ya bloku zao. Ukiangalia kwa macho ya siasa, kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini msanidi mmoja asiyejulikana kwa jina halisi, anayejiita shaolinfry, alikuwa ameshawasha moto mwingine: BIP 148. Kuanzia Agosti 1, 2017, nodi yoyote inayoiendesha itakataa bloku isiyo na ishara ya SegWit. Haombi kura ya mchimbaji. Watu wakavaa kofia za rangi ya jeshi zilizoandikwa UASF, yaani foku laini inayowashwa na watumiaji. Zikachekwa sana.

Matokeo: wachimbaji waliharakisha wenyewe kwa njia iitwayo BIP 91, ikafungwa Julai 21, SegWit ikaanza kazi Agosti 24 kwenye bloku namba 481,824. Waliokataa SegWit wakajitenga Agosti 1 na bloku za MB 8, ndiyo Bitcoin Cash. Na ile foku ngumu ya MB 2, nusu ya pili ya mkataba wa New York? Novemba 8, 2017 Mike Belshe wa kampuni ya BitGo na wenzake 5 wakatuma barua pepe kuisitisha, wakikiri kwamba maafikiano ya kutosha hayajapatikana. 83% ya mashine, na bado haikutosha.

Msimamo wangu ni huu: hakuna mwenye mamlaka ya kupitisha jambo kwenye Bitcoin. Wapo tu wengi wenye uwezo wa kukataa, na maafikiano ni pale wanaoweza kukataa wanapoacha kukataa. Waliosaini New York waliahidi kitu ambacho hakikuwa chao. Mchimbaji ana mashine, ila hawezi kuilazimisha nodi yangu iipokee sarafu yake kama malipo.

Karibuni.

#2 Jembe la Chuma

Mkuu uzi umeshiba. Ila pale kwa BIP 148 umepita kama daladala la jioni. Nodi chache za watu majumbani ziliwatishaje wenye mashine za mabilioni? Mimi sioni nguvu iko wapi.

#3 Mleta mada

@Jembe la Chuma swali la haki kabisa, ngoja tuingie ndani.

Chukulia Agosti 1 imefika na wachimbaji wamegoma. Nodi za BIP 148 zinakataa bloku zao, zinafuata mnyororo wao mdogo wenye wachimbaji wachache. Kuna minyororo miwili sasa: A ya BIP 148, B ya wengine. Nodi za kawaida, ambazo hazijui chochote kuhusu ugomvi huu, zinafuata mnyororo wenye kazi nyingi zaidi ya uchimbaji. Siku ya kwanza hiyo ni B.

Sasa angalia upande mmoja ulivyolala. Bloku za A ni halali kwa kila mtu, maana ni foku laini. Bloku za B ni haramu kwa nodi za BIP 148 daima, hata B ikiwa na kazi mara mia. Kwa hiyo B haiwezi kamwe kuifuta A. Lakini siku A ikiipita B kwa kazi, hata kwa bloku moja, nodi zote za kawaida duniani zinaruka kwenda A, na B inafutika: miamala yake, na zawadi za wachimbaji wake zote, BTC 12.5 kila bloku kwa wakati ule.

Jiweke kwenye viatu vya mchimbaji wa B. Unalipa umeme leo kwa sarafu inayoweza kuyeyuka mwezi ujao. Unajua pia kwamba masoko yanaweza kuuza sarafu za pande zote mbili, na bei ya A ikipanda kidogo wenzako watahamisha mashine kimyakimya. Hakuna mkataba wa kuwazuia. Wewe utabaki?

Njia ya kuepuka kabisa ilikuwa moja: kabla ya Agosti 1, bloku zote ziwe na ishara ili BIP 148 isiwe na cha kukataa. BIP 91 ilifanya hivyohivyo. Wachimbaji walikubaliana kwa 80% kwamba kuanzia Julai 23 watatupa bloku zisizo na ishara. Nodi za BIP 148 zilikuwa sehemu ndogo tu ya nodi zote, na hazikulazimika kupigana. Zilitosha kufanya kugoma kuwe ghali kuliko kukubali.

Bado naiona ilikuwa kamari. Wachimbaji wangekaza shingo, wale wa kofia wangejikuta kwenye mnyororo wa bloku moja kwa saa kadhaa. Wasanidi wengi wa Core hawakutaka kuiweka kwenye programu yao kwa sababu hiyohiyo, nami siwalaumu.

#4 Mtoto wa Soko

Uzi mzuri lakini umeandikwa na mshindi. Niseme la upande wetu, maana mimi nilikuwa wa bloku kubwa na sijatubu.

Kwanza, "kila mtu anaweza kukataa" ni maneno matamu kwa anayependa mambo yabaki yalivyo. Asiyetaka chochote kibadilike anashinda kwa kukaa tu. Desemba 2017 makato ya wastani kwa muamala yalivuka dola 50. Hiyo ndiyo pesa ya mtu wa kawaida? Mtu wa kutuma dola 20 afanyeje? Mnasema nodi iendeshwe na maskini, halafu muamala ulipiwe na tajiri.

Pili, huo mjadala mnaousifia haukuwa huru. 2015 kwenye r/Bitcoin, jukwaa la Reddit, nyuzi za kuitangaza XT zilikuwa zinafutwa. Ukiziba mdomo wa mwenzako halafu ukasema hakuna maafikiano, bila shaka hayatakuwepo, umeyazuia wewe.

Tatu, Hong Kong Februari 2016 baadhi ya wasanidi wa Core walikaa na wachimbaji wakasaini karatasi: SegWit kwanza, foku ngumu baadaye. Wakarudi makwao, wenzao wakasema hawa hawakutuwakilisha. Mchimbaji aliyegoma 2017 alikuwa anakumbuka hilo. Mbona hukuligusa?

#5 Mleta mada

@Mtoto wa Soko hoja ya tatu umenibana vizuri na naikubali kama nyongeza. Hong Kong na New York ni kosa lilelile pande mbili tofauti: watu wanasaini kwa niaba ya kundi ambalo halikuwatuma. Wachimbaji walikuwa na haki ya kukasirika.

Kuhusu kufutiwa nyuzi, ni doa, sina utetezi. Ila XT ilikuwa inapakuliwa bure na kila aliyeitaka aliipata, majukwaa mengine yalikuwepo, na masoko yalikuwa na wanasheria na pesa za kutosha kujisomea wenyewe.

Makato nakupa nusu. Yalikuwa ya kikatili. Lakini Agosti 1 kila aliyekuwa na BTC 1 alipata na BCH 1 (sarafu ya Bitcoin Cash), akawa na uhuru wa kuuza moja na kushika nyingine. Soko likachagua, na linaendelea kuchagua. Na wenyewe Novemba 2018 mkagawanyika tena, ikazaliwa sarafu nyingine, BSV, mkigombania nani mwenye haki ya kubadilisha kanuni. Ukubwa wa bloku haukumaliza swali la nani anaamua.

Kwa SegWit2x, yaani ile foku ngumu ya MB 2, ilikuwa wazi zaidi. Kabla hata ya siku yake, masoko yaliuza ahadi za sarafu hiyo, na bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya BTC. Tena ilikuja bila kinga ya miamala kurudiwa, yaani ukituma upande mmoja mtu anaweza kuucheza muamala huohuo upande wa pili na sarafu zako zikatoka kote kuwili. Kihoja chenyewe kilikuja mwishoni: nodi chache zilizobaki na programu ile baada ya kusitishwa zilikwama karibu na bloku ya foku bila kupata bloku ya kufuata. Saini 58, na hakuna aliyechimba bloku ya kwanza.

#6 Dada wa Seva

Msisahau Ethereum jamani, mtandao mwingine wenye sarafu ya ETH, huko wanakata kauli haraka. Juni 2016 mwizi alichota ETH milioni 3.6 kwenye mkataba wa kiprogramu wa The DAO, mfuko wa pamoja wa uwekezaji. Julai 20, kwenye bloku namba 1,920,000, wakafanya foku ngumu kurudisha pesa za watu. Kura ilipigwa kwa sarafu mtandaoni, walioshiriki walikuwa na sehemu ndogo tu ya ETH zote, ila wasanidi waliona inatosha. Waliosema "kilichoandikwa kimeandikwa" wakabaki na Ethereum Classic, ipo mpaka leo. Na 2022 wakaacha uchimbaji kabisa bila mtandao kusimama. Mimi naona afadhali huko, kuna simu za pamoja za wasanidi kila mara, foku zinapangwa kama ratiba ya basi.

#7 Mzee wa Nodi

Nyongeza fupi kwa vijana. Bitcoin nayo ikitaka kukubaliana haraka inaweza. Machi 2013 toleo 0.8 la programu ya Bitcoin lilitoa bloku ambayo toleo 0.7 lilishindwa kuimeza kwa sababu ya hifadhidata tofauti. Mnyororo ukagawanyika bila mtu kukusudia. Nguvu kubwa ya uchimbaji ilikuwa upande wa 0.8, lakini usiku uleule wakaafikiana kurudi 0.7 kwa kuwa waliokuwa huko wasingeweza kufuata bila kusasisha. BTC Guild, kundi kubwa la wachimbaji, wakarudi nyuma na kupoteza zawadi za bloku zao. Wengi wakawafuata wachache, na ilichukua saa chache tu. Tofauti na 2017 ni kwamba hakuna aliyekuwa anabishana kuhusu kanuni, ilikuwa hitilafu.

#8 Kibaraza

Kwa hiyo ni kama katiba ya kikoba. Mwenyekiti anaweza kuandika anachotaka, wanachama wasipoleta hisa Jumamosi kikoba hakipo. Nimeelewa. Swali: baada ya vita hiyo walijifunza utaratibu?

#9 Mleta mada

@Kibaraza umenisaidia, nitaiba mfano huo.

Utaratibu wa kudumu hawana, na nadhani hawautaki. Wanachofuata kinafanana na cha wahandisi wa intaneti wa IETF, ambao mtindo wao ni kutohesabu kura. Ukumbini wanaguna kwa pamoja kupima upepo, kisha wanauliza: pingamizi lililotolewa limejibiwa kwa hoja? Mtu mmoja mwenye pingamizi la kweli anaweza kusimamisha mia, na mia wenye kelele hawawezi kumpita.

Taproot, foku laini ya baadaye, ilionyesha uzuri na uchovu wa njia hii. Maxwell aliitaja 2018, msimbo ukaingia Core 2020, na wakubwa wa uchimbaji walipoulizwa walikubali karibu wote. Hakuna aliyeipinga! Bado walibishana miezi kadhaa kuhusu kitufe cha kuiwasha tu: muda ukiisha bila ishara, nodi zilazimishe au ziachilie? Nje ilionekana upuuzi. Ndani kila mmoja alijua njia itakayotumika leo ndiyo itakayotajwa kesho kama desturi ya nani mwenye neno la mwisho. Wakaangukia jaribio la haraka: miezi 3, kizingiti 90%, ikishindikana tunaanza upya bila lawama. Ilifungwa Juni 12, 2021, ikaanza Novemba 14, bloku 709,632.

#10 Jembe la Chuma

Na kompyuta za kwantamu zikija, zile zinazohofiwa kupata ufunguo wa siri kutoka kwenye ufunguo wa umma? Hapo mtabishana miaka 4 huku mwizi anachota.

#11 Mleta mada

Ndiyo mtihani unaokuja, na ni mgumu kuliko MB 1. Kuongeza aina mpya ya sahihi ni foku laini, na BIP 360 ipo mezani kama hatua ya mwanzo. Tatizo ni sarafu za zamani ambazo ufunguo wake wa umma uko wazi kwenye mnyororo, zikiwemo zinazodhaniwa za Satoshi. 2025 Jameson Lopp na wenzake walipendekeza baada ya muda fulani zile zisizohamishwa zigandishwe. Wengine wanasema kugandisha mali ya mtu ni kuua kitu chenyewe, bora mwizi azichukue. Hapo kukataa hakulindi hali iliyopo, maana hali iliyopo yenyewe ndiyo hatari. Sijui nadharia yangu ya #1 itasimamaje, na mimi nipo upande wa kutogandisha.

#12 Mtoto wa Soko

Kwa mara ya kwanza tupo upande mmoja. Zangu ziko kwenye anwani inayoanza na 1, nimeshaitumia mara kadhaa. Wakileta toleo la kugandisha sisasishi.

#13 Mleta mada

Usisasishe, ila zihamishe mkuu. Anwani ya 1 inaficha ufunguo mpaka siku unapotuma mara ya kwanza, na yako imeshatuma. Fungua mpya inayoanza na bc1q, isiyowahi kutumika, peleka zote kwa muamala mmoja na usirudie kuitumia baada ya kutoa. Za bc1p ziache kwa suala hili, ufunguo wake uko wazi tangu unapopokea. Fanya wikendi, makato huwa chini kidogo.